Wino wa Kidole

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa vijana na wazazi, Kisauni, Mombasa

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni, hamjambo? Ingieni mketi, viti vipo.

Nimeitwa nizungumze juu ya kitu kimoja: ni nini kinachomtoa mtu kitandani alfajiri akasimame foleni apige kura, na ni nini kinachomfanya atimize wajibu wake wa uraia siku ambazo hakuna uchaguzi. Mimi si mwanasiasa. Nimefundisha shule za msingi maisha yangu yote ya kazi, na mnajua uchaguzi unapofika walimu ndio huitwa. Nimekuwa karani, kisha msimamizi wa kituo. Kwa hivyo nitakayosema ni ya mtu aliyekaa nyuma ya meza miaka mingi akitazama nani ameingia mlangoni, ameingia na nani, na nani hakuja.

Nianze na Jumanne ya tarehe 9 Agosti 2022. Kituo changu kilikuwa darasa la watoto wadogo. Madawati tulikuwa tumeyasukuma pembeni, na ukutani palibaki chati ya silabi, ba be bi bo bu. Saa nne na kitu akaingia bibi mmoja amejifunga buibui la zamani, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Macho yake hayaoni tena. Sheria inamruhusu mtu kama yeye kuja na msaidizi anayemwamini, mradi msaidizi ni mtu mzima na anakula kiapo kuwa hatatoa siri. Kijana akaapa. Nikampa bibi karatasi zake, naye akaanza kuzipapasa moja moja kwa kidole gumba.

"Mwalimu," akaniambia, "hizi ni tano. Nimeambiwa ni sita."

Alikuwa sawa. Katika watu wote waliopita mezani kwangu asubuhi ile, wenye macho mazima, yeye ndiye wa kwanza aliyehesabu. Karatasi ya gavana haikuwepo. Jioni ya kuamkia uchaguzi ilitangazwa kwamba kura ya gavana wa Mombasa na ya Kakamega zimeahirishwa, kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nitarudi."

Walipotoka kibandani akanyoosha kidole, karani akakitia wino. Kisha bibi akamwambia mjukuu, "Na wewe toa chako." Kijana akasema yeye hakujiandikisha. Bibi hakumgombeza. Alimuuliza swali moja: "Kwani hukuambiwa na mtu?"

Kijana akajibu, "La, bibi. Hakuna mtu aliyeniambia."

Nataka mlishike swali hilo, maana ndilo lililonileta hapa leo. Redio zilitangaza mwaka mzima. Magari ya vipaza sauti yalipita mpaka yakatukera. Kijana yule aliyasikia yote. Lakini bibi hakumuuliza kama alisikia. Alimuuliza kama kuna mtu aliyemwambia. Tangazo ni la kila mtu, na kitu cha kila mtu unaweza kukipita kama unavyolipita bango la sabuni. Ila mtu akija kwako, akakuita kwa jina lako, akakwambia "kesho saa kumi na moja alfajiri nitakubishia hodi twende," huyo huwezi kumpita. Miaka yote niliyokaa nyuma ya meza, sikuona jambo linalomleta mtu kituoni kwa nguvu kama hilo: kwamba kuna mtu anamngoja.

Sasa tuambiane ukweli juu ya Mombasa yetu. Mwaka ule wa 2022 kaunti hii ilikuwa na wapiga kura 641,913 walioandikishwa. Nchi nzima, walipiga kura kama watu 65 katika kila 100. Hapa kwetu walioitika hawakufika nusu. Katika kaunti zote 47, sisi ndio tulioburura mkia. Halafu ikaja ile kura ya gavana iliyoahirishwa, tarehe 29 Agosti. Mshindi alipata kura 119,083, aliyemfuata 98,108. Jumlisheni. Hazifiki laki mbili na ishirini elfu, katika watu zaidi ya laki sita na arubaini. Serikali ya kaunti ndiyo inayoshika hospitali zetu, taka zetu, masoko yetu na shule za chekechea za watoto wetu, na kura zote za hao wawili wa mbele waliogombea kuwa mkuu wake ni kama theluthi moja tu ya walioandikishwa. Simsemi aliyeshinda wala aliyeshindwa. Wao waliomba kura, na waliopiga walipiga. Nawasema waliobaki nyumbani, na nawasema kwa uchungu kwa sababu wengi wao niliwafundisha mimi kusoma.

Bibi yule alirudi tarehe 29. Mjukuu ndiye aliyemleta tena.

Vijana huniuliza, "Mwalimu, kura yangu moja itabadilisha nini?" Sitawadanganya. Katika uchaguzi wa rais wa 2022, tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura 233,211. Ukiondoa yako, matokeo ni yale yale. Wataalamu wa siasa wameumiza vichwa kwa swali hili tangu miaka ya 1950. Wanasema, mtu akipiga hesabu ya faida na hasara, nauli, jua, kibarua cha siku anachokikosa, basi akili yake itamwambia alale. Na bado mamilioni hutoka. Maana yake watu hawatoki kwa hesabu hiyo. Hebu niambieni, nani hapa huenda maziko kwa sababu bila yeye maiti haitazikwa? Jeneza litabebwa hata bega lako lisiwepo. Unakwenda kwa sababu aliyekufa ni mwenzako na wafiwa ni wenzako, na kwa sababu usipoonekana utaulizwa, "Jana ulikuwa wapi?" Kura ni jambo la jamii hiyo hiyo. Anayeipigia hesabu ya duka ataona haina faida, na ndivyo atakavyoona kila jambo la ujirani.

Lakini kwa kuwa mmetaka hesabu, malizeni basi hesabu yote. Watu walioandikishwa Mombasa, wakawa na haki yao mfukoni, wakabaki nyumbani siku ile, walizidi laki tatu. Laki tatu za mji mmoja ni zaidi ya ile tofauti ya nchi nzima. Sisemi wangempa nani, hilo ni lao na Mungu wao. Nasema kila mmoja wao alikaa kitandani akijiambia kwamba yeye ni mmoja tu.

Kuna jaribio lilifanywa Marekani, katika jimbo la Michigan, mwaka 2006. Kule rekodi ya nani alikwenda kupiga kura iko wazi, ingawa aliyempigia hajulikani. Watafiti wakatuma barua kwa makumi ya maelfu ya nyumba kabla ya kura ya mchujo. Nyumba nyingine ziliandikiwa tu kwamba kupiga kura ni wajibu wa raia. Nyingine zikatumiwa orodha ya majirani wa mtaa wao, huyu alipiga kura safari iliyopita, huyu hakupiga, na baada ya uchaguzi mtatumiwa orodha mpya. Barua ya wajibu iliongeza watu wasiofika wawili katika kila 100. Barua ya majirani iliongeza wanane. Wanane kwa barua moja tu! Jicho la jirani lilifanya kazi ambayo mahubiri ya wajibu hayakuiweza.

Hata hivyo, barua kama hiyo sitaki ifike Kisauni, na nitawaambia kwa nini. Vijana wengi hapa hamkuwa mmezaliwa.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mpya. Wakati huo chama kilikuwa kimoja, KANU, na uteuzi wa wagombea wa ubunge ulifanywa kwa mlolongo. Hapakuwa na karatasi wala debe. Wanachama wanasimama mstari nyuma ya mgombea au mtu aliyebeba picha yake, wanahesabiwa vichwa kama watoto wa shule. Aliyepata asilimia 70 na zaidi alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa, na kura ya siri haikufuata tena. Mimi nilisimama katika mstari mfupi. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja amejifunika ushungi mpaka puani, anatazama vidole vya miguu yake muda wote. Mwenye duka aliyekuwa akinikopesha unga alikuwa mstari wa pili, ananitazama. Nilijua kwamba mwisho wa mwezi nitarudi kwake na kile kitabu cha deni. Sikupigwa, sikutukanwa, hakuna aliyenitisha kwa mdomo. Lakini nilitetemeka vile ambavyo sijatetemeka mbele ya debe maisha yangu yote. Na sehemu nyingi za nchi mwaka ule watu waliona kwa macho yao mstari mrefu ukitangazwa kuwa umeshindwa na mfupi. Watu waliotoka pale wakiwa wameapa hawatapiga kura tena, wengine walikufa na kiapo chao.

Kwa hivyo jicho la jirani ni dawa na ni sumu. Linamtoa mtu nyumbani, na laweza kumnyima pumzi akifika. Ndiyo maana naupenda ule wino.

Wino kisheria una kazi moja, kuzuia mtu asipige kura mara mbili. Lakini mtaani hufanya kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Wino unasema umekwenda, hausemi ulifanya nini ndani. Jirani anajua ulikuwepo, na hata mumeo hajui ulimpa nani. Siku ya uchaguzi mwuza mahamri wa pale karibu na shule hutazama kidole cha anayempa pesa kabla ya kutazama noti yenyewe. "Wewe bado hujaenda? Nenda, nitakuwekea moto." Vijana wa bodaboda hunyoosheana vidole, na asiye na wino huficha mkono mfukoni. Hapo jirani anakungoja na siri yako iko salama. Mimi naamini, na hii ni imani yangu, kwamba nchi ambayo watu wake wanaweza kuulizana "umekwenda?" bila kuulizana "umempa nani?" imevuka mto mkubwa. Sisi hatujaumaliza kuuvuka. Mnajua nyumba ambazo mume huwaambia mke na watoto wapige kura vipi. Mnajua wanaokuja usiku kununua vipande, yaani vitambulisho, ili mtu asubuhi akose cha kuonyesha kituoni. Anayeuza kipande chake kwa elfu moja amelipwa ili asiwepo, na miaka mitano kwa elfu moja hata pesa ya chumvi ya siku moja moja haifiki.

Niwaambie pia kinachowarudisha watu nyuma bila wao kuwa na kosa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 83, inasema mipango ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi imsaidie raia mwenye haki, isimnyime. Lakini kura huanza na kipande. Vijana wa Pwani mnajua ilivyokuwa. Unafika ofisini na cheti cha kuzaliwa, unaulizwa cha babako. Unaleta cha babako, unaulizwa cha babu, na babu alizaliwa chini ya mkorosho. Mwanangu mwenyewe alizungushwa hivyo miezi saba. Kijana akizungushwa namna hiyo akiwa na miaka kumi na minane, somo la kwanza alilopewa na nchi yake ni kwamba hatakiwi. Ukimwona ana miaka ishirini na minane na hapigi kura, usimwite mvivu kabla hujamuuliza alipokelewaje mlangoni.

Na wako waliozungushwa zaidi yake. Wamakonde wa Kwale wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge enzi za mkoloni. Watoto wakazaliwa hapa, na wajukuu, wote bila kipande. Huna kipande huna akaunti ya benki, laini ya simu unaiandikisha kwa jina la mtu mwingine, polisi akikusimamisha huna la kusema. Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi kudai utambulisho. Wakapewa, wakaitwa kabila la 43 la Kenya, na Agosti 2017 wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi walioishi na sisi vizazi na vizazi, wao walisubiri mpaka mwaka 2023.

Nina shemeji yangu aliyeolewa Msambweni. Nilimtembelea mwaka ule wa 2017, tukapita kwa mzee mmoja wa Kimakonde, mchongaji. Alikuwa na kadi mpya ameitia ndani ya karatasi ya nailoni, akaitia tena ndani ya pochi ya ngozi, na pochi ameifunga uzi. Ilimchukua muda kuifungua. Nilimuuliza siku ya kura aliamka saa ngapi. Akaniambia hakulala. Akasema walikwenda kijiji kizima pamoja, kwa miguu, na waliokwisha kupiga hawakuondoka, walikaa chini ya mti wakiwangoja wenzao mpaka wa mwisho alipotoka.

Mbona yule mzee hakulala, na sisi wa mjini tulilala? Wao kura iliwaambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwaambia: nyinyi ni wetu, tunawangoja. Sisi hilo tumelipata bure, tumelisahau. Na wengine wetu, kama nilivyosema, hatukuambiwa vizuri hata siku ya kwanza.

Wako wanaosema vijana hawajali. Hilo silikubali. Ni kweli mwaka 2022 walioandikishwa wa umri wa miaka 18 mpaka 34 walikuwa wachache kuliko mwaka 2017, wakawa kama 40 katika kila 100 ya walioandikishwa wote. Lakini miaka miwili baadaye, Juni 2024, vijana hao hao walichukua Mswada wa Fedha, kurasa na kurasa za Kiingereza cha sheria, wakausoma kifungu kwa kifungu. Wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, wakaelezana kwa simu mkate utapandaje bei na taulo za hedhi zitapandaje. Nimefundisha somo la uraia miaka mingi na sikuwahi kumfanya mtoto asome mswada. Wao waliusoma kwa sababu mwenzao aliwatumia, akawauliza, "Umeona kifungu hiki?" Wakatoka. Wengine hawakurudi nyumbani, Mungu awarehemu, na mama zao wako wengine tunawajua. Mswada ukaondolewa. Kwa hivyo msiniambie vijana hawajali nchi. Walichokikosa ni kuamini kwamba debe nalo linasikia kama barabara.

Juu ya hilo la kuamini nitasema kidogo tu. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Wako walioona kwamba sasa kura ina ulinzi, na wako walioona kwamba kumbe tulisimama juani bure. Uchaguzi uliporudiwa Oktoba, wengi hawakutoka. Mwaka 2022 fomu 34A, zile za matokeo ya kura ya rais ya kila kituo, ziliwekwa kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, mtu yeyote azione. Usiku ule baada ya kuhesabu, tulipomaliza kuinua kila karatasi mawakala waione, nilijaza fomu, wakatia sahihi, nakala nikaibandika mlangoni. Kesho yake mwanangu akanionyesha kwenye simu fomu ile ile, mwandiko wangu, ile saba yangu yenye kistari katikati. Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Mtu akiona alichokiandika kimefika kama alivyokiandika, atarudi.

Sasa nizungumze la katikati, maana kura ni siku moja na miaka mitano ina siku nyingi.

Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Ndiyo ile mikutano ya bajeti inayoitishwa kila mwaka katika wadi. Nani hapa amewahi kuhudhuria? Inueni mikono. Saba. Ahsanteni. Mikutano hii hutangazwa gazetini ambako hakuna anayesoma, na huitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Nilihudhuria mmoja miaka michache iliyopita, tulikuwa watu kumi na mmoja pamoja na mwenye kufungua ukumbi. Afisa aliyeletwa akaanza kusoma takwimu kwa Kiingereza.

Kulikuwa na akina mama sita wa mtaa mmoja wenye mfereji ulioziba karibu na madrasa. Mmoja wao alikuwa na chupa ya soda ya plastiki ndani ya kikapu. Afisa alipomaliza ukurasa wa kwanza, mama akasimama, akamwambia kwa adabu kabisa, "Baba, samahani. Tusemeshe Kiswahili tukufahamu." Yule afisa, namshukuru, alifunga karatasi zake akaanza upya. Alipofika penye mifereji, mama akatoa ile chupa akaiweka mezani. Maji meusi, na ndani viluwiluwi vya mbu vinacheza. Hakupiga kelele. Alisema, "Haya ndiyo wanayopita watoto wakienda chuoni. Sisi tunataka kuona mfereji huu umeandikwa katika kitabu chako, na tunataka utuonyeshe ulipouandika."

Uliandikwa. Sitawaambia hadithi tamu kuliko ilivyokuwa: kazi ilianza baada ya mwaka na miezi, ikajengwa nusu, ikakwama, wale mama wakarudi ukumbini mara mbili nyingine, na nusu ya pili ilikuja kwa kusukumana. Kila waliporudi walikuwa wengi zaidi. Mara ya mwisho hawakutosha kwenye viti.

Sasa sikilizeni. Mtaa wao ulikuwa unapigia kura kituoni kwangu. Tarehe 29 Agosti 2022, siku ile ya gavana, siku ambayo Mombasa ililala, kituo kilikuwa kitupu kiasi kwamba makarani walisinzia. Kufika saa tatu wakaja akina mama wale, pamoja, wamefuatana kama wanaokwenda harusini, na binti zao, na wake za watoto wao. Nalijua kundi lile, niliwahesabu: ishirini na tatu. Mtaa mmoja si utafiti, najua. Lakini mimi nilikuwa pale. Waliokwisha kuuliza na kujibiwa, hata jibu la nusu mfereji, ndio waliokuja. Hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba kura ni muhimu. Walikuwa wanataka kujua nani atamalizia mfereji.

Wako wanaosema dawa ni kulazimisha. Australia walitunga sheria mwaka 1924. Uchaguzi wa kabla yake hawakufika 60 katika kila 100, uliofuata wakapita 90, na mpaka leo asiyepiga kura bila sababu hutozwa faini. Kwao imefaa. Kwetu, kabla kipande hakijawa rahisi kwa kila mtu, sheria kama hiyo itakuwa ni kumtoza faini yule yule aliyezungushwa mlangoni. Tuanze na mlango.

Na mlango uliopo ni huu. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Uandikishaji hufanywa katika ofisi ya tume ya eneo bunge letu. Unahitaji kipande au pasipoti, na umetimiza miaka kumi na minane. Hakuna malipo. Aliyehama mtaa anaweza kuhamisha kituo chake pale pale, wengi hamkulijua hilo, mnaenda kusema "kituo changu kiko Voi, nauli sina."

Mimi Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nitakuwa mbele ya ofisi hiyo, chini ya ule mwarobaini, na chupa ya chai. Kuna binti yuko mlangoni na daftari. Anayekuja aandike jina lake na namba yake, na mbele ya jina lake aandike jina la mtu mmoja atakayekuja naye: ndugu, jirani, mtu wa maskani yake. Jumapili usiku nitampigia simu kila aliyeandika. Jumatatu nitakuwa na daftari mkononi, nitaita majina, na asiyeitika nitamngoja mpaka saa sita.

Yule mjukuu wa bibi yuko hapa ukumbini, mstari wa tatu, amevaa shati la kijani. Alijiandikisha mwaka jana. Bibi hayuko tena, alituacha Ramadhani iliyopita. Leo kijana huyu ndiye atakayeshika kalamu ya daftari pamoja na yule binti. Simama, mwanangu, wakuone.